Shahidi Aliyebaki Migombani

Vijana wa kituo mmeniomba niandike. Mlichoniomba hasa ni hotuba ya kuagwa, lakini siku yenyewe mvua iligonga mabati mpaka mtu hasikii hata jina lake likitajwa, tukala pilau tukaachana. Basi hotuba yangu ndiyo hii. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara tuuache ulale. Nitaandika kazi. Na niseme mapema kwamba nimechoka, msije mkadai mama amekuwa mkali baada ya kustaafu. Ukali nilikuwa nao tangu mwanzo, ila zamani nilikuwa na magoti pia.

Nilizaliwa upande wa Igogwe, kwenye migomba, binti wa mkulima. Nilipotoka chuoni walinizungusha mikoa ya mbali, halafu wakanirudisha Rungwe na kunipangia kikosi kidogo cha dawa za kulevya hapa Tukuyu. Moyoni nikajisifu kwamba wameniona hodari. Aliyenipokea alikuwa Koplo Zuhura, mama wa Tanga aliyebakiza muda mfupi astaafu, na yeye hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alinipasulia siku hiyo hiyo kwamba nimeletwa kwa sababu ni mwanamke. Sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha, na yeye anaondoka. Ndiyo hivyo tu. Ndiyo maana nimefika kila kijiji cha wilaya hii, mara nyingi nikiwa nimepakiwa nyuma ya gari juu ya tairi la akiba, nisubiri wanaume wamalize yao ndipo niitwe.

Zuhura alinifundisha kazi yote. Alikuwa na kanga mbili kuukuu alizoziunganisha kwa mkono, na pembeni ameshonea kamba, ili aweze kuzifunga popote, kwenye nguzo ya jiko, kwenye mgomba, kwenye mlango wa gari, zikawa pazia. Nilimwuliza kama kituo ndicho kilichompa. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema sheria imeandika neno staha, lakini kwenye stoo ya kituo hutaikuta, lazima uje nayo kutoka nyumbani. Akanifundisha nipashe mikono kwanza, niisugue au nikumbatie kikombe cha chai, kwa sababu kwa baridi ya Tukuyu mkono wa askari ni mkono wa maiti. Nianze na nywele, anayepekuliwa azifumue mwenyewe. Nimwongeleshe habari za kawaida, mvua, bei ya viazi, mtoto ana meno mangapi. Nikimkuta hana kitu, nimwombe radhi kwa mdomo, sio kwa kunyamaza. Nikimkuta nacho, nisimtukane, sheria itamtosha.

Mtu wa kwanza kumpekua alikuwa mchuma chai, mama mpana aliyenizidi kimo na umri, amevaa lile gunia la nailoni wanalofunga kiunoni wasilowe. Sikujua nianzie wapi. Aliponiona vile akanihurumia, akanishika mkono taratibu, akaniambia, anza na gauni, mwanangu, hapa kifuani hakuna kitu. Kweli hakukuwa na kitu kifuani, wala kwenye gauni. Kete za bangi zilikuwa kwenye soksi. Zuhura alinicheka siku nyingi, na tangu hapo mtu akinionesha pa kuanzia, mimi naanza na miguu.

Vifaa vyetu mnavijua, mnavyo bora kuliko vyetu. Sisi tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, bahasha za kaki, kalamu ya wino mzito, mishumaa na lakiri, ile nta ya muhuri. Nyie hamjayeyusha lakiri kwenye mvua ya Rungwe, mshukuru Mungu. Unachuchumaa chini ya mwamvuli, mshumaa unazimika, unawasha tena, lakiri inadondokea kidole badala ya fundo la kamba, na aliyeshika mwamvuli ni mtuhumiwa mwenyewe, maana wengine wote wana shughuli na pingu haimzuii mtu kushika mwamvuli. Nimewahi kufunga kielelezo hivyo, na mzee mmoja mwenye pingu akiniambia kwa upole, inamisha mshumaa kidogo, mama, ndivyo. Na ile harufu. Bangi mbichi inaganda kwenye sweta. Binti yangu akiwa mdogo alikuwa anajua nimetoka wapi kabla sijafungua mlango, na kanisani watu walikuwa wananiachia nafasi kwenye benchi.

Sasa nije kwenye lile ambalo nimekuwa nikiwapigia kelele. Nyie mnaipenda sehemu ya sheria inayosema mnaweza. Mnaweza kuingia bila hati mkiamini kielelezo kitatoroshwa wakati mnaitafuta hiyo hati. Mnaweza kuvunja mlango, kusimamisha gari, kupekua mtu, kukamata mali, kumweka mtu ndani. Nimeziona nyuso zenu mkiisoma, zinang'aa. Halafu inakuja sehemu ya yale yanayowapasa, mnapiga miayo. Awepo shahidi huru, na aone kwa macho yake. Mwenye nyumba aambiwe kilichochukuliwa, asaini, na shahidi asaini. Kielelezo kifungwe palepale mbele yao, kipite mkono kwa mkono kwa maandishi mpaka kwa mkemia na kurudi. Mnaona ni urasimu. Haya, niwaeleze ya Nkunga.

Ili mnielewe, ninyi mliotoka mbali, kwanza mjue jambo moja la hapa kwetu. Kwa Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Sio kwamba wamegombana, la, ni heshima, tunaiita ukutila. Mke wa mwanao huingii alipo, humtazami, hamsemezani, humtaji jina na yeye hakutaji. Mkikutana njiani yeye anajitupa pembeni, anajifunika, unapita. Siku hizi mjini watu wamelegeza, wapo wanaokaa sebule moja wakitazama televisheni, lakini vijijini wazee bado wameishika. Mimi mwenyewe baba mkwe wangu aliniona siku moja stendi nikiwa na sare kamili na bunduki begani. Mzee akaruka nyuma ya lori la chai. Mwenzangu akataka kumkimbiza, akidhani tumempata mhalifu. Nilimwambia mwache, huyo ni mkwe wangu, anatii sheria.

Kiongozi wetu wakati ule alikuwa Inspekta Masanja, Msukuma, mtu mzuri, mchapakazi, asiyekula cha mtu. Alikuwa na haraka tu. Tulipata taarifa kwamba kijana mmoja wa Nkunga, Lugano, anasafirisha bangi chini ya shehena za ndizi, na kwamba mzigo uko nyumbani kwake. Tukaondoka asubuhi, ukungu bado uko chini, gari linateleza kwenye utelezi mwekundu. Hati hatukuwa nayo, na kwa haki kabisa hatukuihitaji, mzigo ungehama. Tulipofika, Masanja akafanya kama kawaida ya kila siku, akamwita mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Akaja mzee mrefu, mkimya, koti zito na mabuti ya mpira, jina lake Ambakisye.

Nyumbani tulimkuta mke peke yake. Aliitwa Bupe, binti mdogo tu, ana mtoto anayenyonya. Lugano hayupo. Masanja akaingia, sisi nyuma yake. Mzee Ambakisye akaja mpaka uani, akasikia sauti ya Bupe ikituitikia ndani, akasimama. Akageuka, akaenda kwenye migomba, akasimama huko akiwa ameipa nyumba mgongo.

Mimi nikaelewa palepale. Nikamuuliza mama jirani aliyekuwa ukutani, akanihakikishia, Lugano ni mtoto wa mwenyekiti. Nikamfuata Masanja, nikamwambia afande, huyu shahidi ni baba wa mwenye nyumba, huyo sio huru, na juu ya hayo ndani kuna mkamwana wake, hataingia hata umwekee bunduki. Tutafute mwingine. Masanja akachungulia nje, akaona mgongo wa mzee, akaona mlango uko wazi. Akaniambia mlango uko wazi, anasikia kila kitu, tutachelewa. Nilisema mara moja. Cheo kikajibu, nami nikaenda kufunga kanga zangu.

Nilimpekua Bupe kwenye kona ya jiko. Hakuwa na kitu isipokuwa maziwa yaliyomlowesha kifua kwa woga. Vijana wakapanda darini, pale juu ya moshi tunapokausha mahindi, wakateremsha gunia. Likapimwa. Lilikuwa zito, uzito wa kumnyima mtu dhamana. Nikamuuliza la nani. Akasema hajui. Nikamuuliza mumeo yuko wapi. Akasema hajui. Masanja akatoka na hati ya mali iliyokamatwa, akaenda nayo migombani, akamwambia mzee asaini hapa. Mzee akauliza anasaini nini. Akaambiwa anasaini kwamba alikuwepo. Akasaini, taratibu, kwa herufi za mtu aliyesoma shule ya misheni.

Tukamchukua Bupe na mtoto. Sheria inaruhusu, gunia limekutwa kwenye nyumba aliyomo. Wakubwa wakasema mume akisikia mke yuko ndani atajitokeza. Hakujitokeza. Waume wa namna hiyo hawajitokezi, wanatuma salamu. Kesi ikafika mahakamani, upelelezi haujakamilika, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mnajua zinavyokwenda. Mtoto akaota meno mahabusu.

Mara kwa mara nilikuwa napita kumwona, sio kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu nyumbani sikuwa nalala vizuri. Nilimkuta mama mkwe wake, mke wa Ambakisye, kila siku ya kutembelea yupo getini na ndoo ya maziwa ya mgando na ndizi za kuchemsha zimefungwa kwenye majani. Mzee mwenyewe haji, na wote tulijua kwa nini. Alikuwa anamsindikiza mkewe hadi barabarani, anakaa huko juu ya jiwe mpaka atoke.

Siku moja nikamwambia Bupe wazi. Nikamwambia mwanangu, unajua na mimi najua lile gunia ni la nani. Sema. Ukinyamaza utafungwa miaka ambayo mtoto huyu atamaliza shule na kuolewa bila wewe. Alikuwa anamsuka mtoto vinywele vifupi vile visivyosukika. Hakuniangalia.

"Nikimtaja, mama, nitarudi wapi?" akasema. "Kwetu walikula ng'ombe za mahari zamani. Na mtoto ni wa kwao. Nikimtaja nitatoka humu nikiwa sina nyumba wala mtoto."

Nimesoma ile sheria mbele na nyuma, ina vifungu vya kutaifisha nyumba, haina kifungu cha kumpa mtu nyumba. Nikamwachia sabuni nikaondoka.

Siku ya ushahidi ilipofika nilitangulia mimi. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mkali, anataka ushindi, na hilo si kosa. Kabla ya kuingia alinivuta pembeni akaniuliza nitasema shahidi alikuwa wapi. Nikamwambia nitasema alipokuwa. Akauliza kama siwezi kusema alikuwa eneo la tukio, basi, niishie hapo. Nikamwambia nikiulizwa zaidi nitajibu zaidi. Kizimbani nikaulizwa na hakimu mwenyewe, nikajibu, alikuwa migombani, mgongo kwa nyumba. Hakimu akaandika. Masanja alikuwa nyuma, nikasikia kiti chake kikilia.

Akaitwa Mzee Ambakisye. Akafika mlangoni mwa mahakama akasimama. Ilimbidi apite mbele ya kizimba cha mshtakiwa ili afike kwenye kile cha shahidi, na kizimbani yupo Bupe. Bupe alikuwa ameshamsikia hatua zake. Akavuta kanga kichwani, akakaa chini kwenye sakafu, akageukia ukuta. Karani akamkemea asimame, mahakamani mshtakiwa hakai chini bila ruhusa. Hakusimama. Karani akapandisha sauti. Mtoto akaanza kulia.

Hakimu alikuwa mtu wa Pwani, mpole, hakuwa amekaa hapa muda mrefu. Akauliza kuna nini. Watu wote wakaniangalia mimi, kana kwamba sare yangu ndiyo iliyoleta mila. Nikasimama nikaeleza. Hakimu akafikiri kidogo, akasema mshtakiwa abaki alivyo, mradi anasikia. Mzee akapita ameangalia dirisha, akaapa, akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

Mwendesha mashtaka akamuuliza kama anamfahamu mshtakiwa. Akasema ni mke wa mwanangu. Akaulizwa kama yumo mahakamani, amwoneshe. Akasema mimi simwoneshi, huyo ni mkamwana wangu. Akaulizwa kama aliona gunia likiteremshwa darini. Akasema hapana, alikuwa nje. Mwendesha mashtaka akamwonesha ile hati, akamuuliza sahihi hii si yako? Akasema ni yangu. Mbona ulisaini wakati hukuona? Mzee akamjibu bila hasira kwamba aliambiwa asaini kuwa alikuwepo, naye alikuwepo. Watu wakaguna. Mimi nilitamani sakafu inimeze, na Masanja nadhani alitamani kabla yangu.

Bupe hakuwa na wakili. Kwa hiyo, kama sheria inavyotaka, hakimu akamgeukia yeye mwenyewe, akamwambia ana haki ya kumuuliza maswali shahidi huyu. Hiyo ni haki kubwa, vijana. Ni wakati pekee ambapo mtu mnyonge anaweza kumsimamisha aliyemleta pale na kumuuliza. Hakimu akasubiri. Bupe akazungumza na ukuta, kwa sauti ndogo, kwamba hawezi kumuuliza. Hakimu akamweleza tena kwa upole, akidhani hakuelewa. Akasema ameelewa, lakini yule ni baba, hawezi kumsemesha.

Nilikaa pale nikiona kesi inavyokwenda kufungwa. Gunia lipo, nyumba ni yake, mkemia amethibitisha ni bangi, shahidi hakuona lakini askari watatu waliona. Hakimu angeweza kuegemea upande wowote. Na mtu pekee ambaye angeulizwa swali lenye maana hawezi kuulizwa na mtu pekee mwenye haki ya kumuuliza.

Ndipo mzee akasema, kwa Kiswahili chake cha kule kwetu, kizito, kila neno analipima:

"Mheshimiwa, huyo hawezi kuniuliza, na mimi siwezi kumjibu. Niulize wewe."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akamuuliza gunia ni la nani.

"La Lugano, mwanangu," mzee akasema. "Nilimwona akilishusha kwenye gari la ndizi, nikamkataza, hakunisikia. Siku waliyokuja hawa, wote walikuwa wanaangalia ndani. Mimi nilikuwa naangalia migombani. Akapita mbele yangu, karibu kama hapa na wewe. Akanitazama. Nikamwacha apite. Nimemtumia watu waende wamwambie aje amtoe mkewe. Hakuja. Basi nimekuja mimi."

Mwendesha mashtaka aliinuka, akakaa. Nyuma kabisa kwenye mabenchi mama mmoja akaanza kulia, na sikuhitaji kugeuka kujua ni nani. Alikuwa mke wake. Yeye ndiye aliyekuwa anabeba maziwa kwa mkamwana na, nilivyokuja kuelewa, chakula kwa mtoto wake mafichoni, na hakuwa ameambiwa kwamba siku hiyo mumewe angechagua kati ya hao wawili.

Kesho yake mzee akaja kituoni. Akakaa kwenye benchi la nje mpaka nikatoka. Akaniambia Lugano yuko Kawetele kwa mjomba wake, chumba cha nyuma. Nikamwambia asante, mzee. Akanyanyuka, akafunga vifungo vya koti, akasema mkienda, chukueni shahidi anayeweza kuingia ndani. Nikamtazama nione kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anataka jambo la mtoto wake, kwa kuwa ameshalitoa, lifanyike sawasawa, asije akaonewa na asije akaponyoka. Masanja alikwenda mwenyewe, akachukua shahidi asiye na undugu na mtu yeyote wa nyumba ile, akamsimamisha katikati ya chumba. Lugano alikuwa anakula. Hakubisha. Aliuliza tu nani amesema, na Masanja, ambaye nimewaambia ni mtu mzuri, akamwambia angeelezwa mahakamani.

Ninyi mliopita mikononi mwangu mmelisikia lile neno la shahidi anayeweza kuingia ndani kila mafunzo, na mlikuwa mnacheka, mnaniita Mama Shahidi. Chekeni. Mimi nimefanya kazi baada ya hapo miaka mingi, nimepekua wanawake wa kila aina, wenye makosa na wasio na makosa, kwenye mashamba ya chai, kwenye magari yanayoshuka mpakani, kwenye nyumba za watu wakubwa ambao walinipigia simu baadaye. Nimevunja milango. Hakuna ninayemkumbuka sana katika hao, Mungu anisamehe. Nikifumba macho naona mgongo wa mzee kwenye migomba, na sisi wote ndani tukishangilia gunia.

Hakimu alisoma uamuzi baada ya muda si mrefu. Akasema shahidi huru hakuwa huru wala hakuona, na kwamba hakuna lililomwonesha kuwa mshtakiwa alijua kilichokuwa darini, au kwamba angeweza kumzuia mumewe. Hana kesi ya kujibu. Bupe alibaki amesimama pale kizimbani kama mtu aliyeambiwa kwa lugha ya kigeni, mpaka karani yule yule aliyemkemea akamfungulia kamlango na kumwambia nenda mama.

Nilimkuta nje nyuma ya jengo, penye bomba, anamwosha mtoto uso. Mzee alikuwa upande wa pili, mbele, penye ngazi, peke yake. Mkewe hakuja siku hiyo. Bupe akanishika mkono wa sare, akaniuliza kama naweza kumfikishia neno baba. Neno gani? Akasema ndaga, ndiyo asante ya kwetu. Mwambie ndaga tu.

Nikazunguka jengo. Nikamwambia mzee, mkamwana wako anasema ndaga. Akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikumwuliza, kwa sababu Lugano alikuwa kwenye mahabusu ile ile aliyotoka mkewe.

"Mwambie aende nyumbani," akasema. "Nyumba ni yake na mtoto ni wetu. Mama mkwe wake atamnunia, avumilie. Kama kuna wa kulaumiwa kwa Lugano, ni mimi niliyesema. Yeye hakusema neno."

Nikarudi kwa Bupe, nikamweleza kama nilivyoambiwa, sikuongeza wala kupunguza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga, akabaki ameegemea ukuta. Nikamwambia si umesikia, nenda sasa, magari ya Nkunga yanajaa. Akatikisa kichwa. Akaniomba nichungulie barabarani.

Nikachungulia. Mzee alikuwa anatembea kuelekea stendi na mabuti yake ya mpira, polepole, pembeni kabisa mwa barabara.

"Ameshapita kona?" akaniuliza.

Nikamwambia bado. Tukasubiri. Nikamwambia sasa amepita. Bupe akafunika kichwa, akatoka nyuma ya ukuta, akaifuata barabara ile ile.